Kidonda Kisichosikia Dawa: Shilingi ya Kwanza Iende Wapi?

Shashi ilitoka kidondani ikiwa ya kijani. Si kijani cha majani, bali kile kinachoelekea buluu, kama maji ya kwanza ya kufulia sare mpya ya shule, na harufu yake ilikuwa tamutamu kwa namna ya kuchefua. Sista aliikunja, akaitia kwenye ndoo, akachukua nyingine. Mpwa wangu alikuwa na siku 19 katika wodi ya hospitali moja ya hapa Kampala, mguu wa kulia umeshikwa na vyuma vya nje. Gari lilimgonga akiwa juu ya bodaboda yake karibu na mzunguko wa Kibuye. Mfupa wa muundi ulivunjika ukatoboa ngozi, na vumbi la barabara likaingia ndani. Tangu usiku ule alikuwa akichomwa antibiotiki ya ceftriaxone kila siku. Kwa siku zote 19 hakuna aliyechukua usaha wake kuupeleka maabara.

"Kojja," aliniambia, maana Waganda mjomba humwita kojja, "hizi sindano zinanimaliza mimi, hao wadudu wala haziwagusi."

Jioni ile kikundi cha WhatsApp cha ukoo kilijaa. Binamu aliyeko ughaibuni alituma video ya Mmarekani aliyeponywa na virusi vinavyokula bakteria. Mwingine akaleta namba ya mtu anayeuza dawa hiyo hiyo katika chupa ndogo, malipo yatangulie kwa simu. Fedha tulizochanga hazikuwa nyingi na kila mtu alikuwa na mahali pake pa kuzipeleka. Niliyojifunza katika wiki zile, kwa kuuliza maabara, maduka ya dawa, madaktari na kusoma usiku, nayaandika hapa kwa yeyote mwenye mgonjwa wa namna hii.

Nianze na video, kwa sababu haikuwa uongo. Mgonjwa yule ni Tom Patterson, profesa wa San Diego, aliyeugua akiwa matembezini Misri mwishoni mwa mwaka 2015. Bakteria iitwayo Acinetobacter baumannii, iliyozishinda antibiotiki alizopewa, ilimfikisha kwenye koma. Mke wake, Steffanie Strathdee, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, aliwasaka watafiti waliokuwa na virusi vya kuiua bakteria hiyo, na Machi 2016 virusi hivyo vikaingizwa mwilini mwa mumewe. Alipona.

Virusi hivyo ni bakteriofaji, kwa kifupi faji. Faji haishambulii chembe za binadamu. Hujibandika kwenye ganda la bakteria, hupenyeza vinasaba vyake ndani, na bakteria ile hugeuka kiwanda cha kuzalisha faji nyingine. Nusu saa hivi baadaye, au zaidi kidogo, bakteria hupasuka na kumwaga makumi au mamia ya faji mpya. Bakteria wakiisha, faji nazo hupungua hadi zikatoweka. Wala si ugunduzi wa juzi. Félix d'Hérelle alizipa jina hilo Paris mwaka 1917, miaka 11 kabla Alexander Fleming hajauona ukungu wa penisilini, na mwaka 1921 Wabelgiji wawili, Richard Bruynoghe na Joseph Maisin, walichapisha habari za kutibu majipu kwa faji. Mji wa Tbilisi, Georgia, una taasisi ya faji iliyoanzishwa na George Eliava mwaka 1923, na hadi leo inapokea wagonjwa.

Ila faji ina tabia moja ambayo mnunuzi lazima aijue kabla ya kufungua pochi: inachagua. Faji inayoua bakteria iitwayo Pseudomonas ya mgonjwa wa kitanda cha 4 inaweza isiiguse kabisa Pseudomonas ya mgonjwa wa kitanda cha 5, ingawa bakteria zote mbili zina jina moja. Ndiyo maana hospitali zinazotumia faji huwa na benki ya faji nyingi. Huchukua bakteria ya mgonjwa mwenyewe, huipandisha kwenye sahani ya maabara, hudondoshea faji mbalimbali, kisha hutazama ni tone lipi limeacha doa safi.

Nilimpigia yule muuzaji. Nilimuuliza chupa ina faji ya bakteria gani, kila mililita ina faji ngapi, na kama atahitaji usaha wa mgonjwa. Alijibu kwamba inatibu vidonda vyote, usaha hauhitaji. Nilimshukuru nikakata simu. Faji haziuzwi katika maduka ya dawa ya Kampala, na dawa isiyosajiliwa haiingii nchini kihalali bila kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Chupa inayokuja kwa bodaboda jioni, baada ya kutuma fedha, inaweza kuwa maji ya bomba. Kidondani, maji ya bomba yana hatari yake.

Kwa hiyo njia zote, ya faji na ya antibiotiki, zinapitia mlango mmoja, nao ni kuotesha usaha. Maabara huchukua sampuli, hupaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, hulaza sahani kwenye joto la mwili usiku kucha. Kilichoota kikishatambuliwa, hupakwa kwenye sahani nyingine na kuwekewa vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuizunguka. Isiyofanya kazi, bakteria huota hadi kwenye karatasi yenyewe. Siku 2 hadi 4 unapewa majibu: S ni dawa inayosikika, R ni dawa iliyokwisha kushindwa, I iko katikati.

Sampuli nayo ina ubora wake, na hapa watu wengi hupoteza fedha. Pamba iliyopitishwa juu ya usaha hubeba kila kinachoishi juu ya ngozi. Kipande kidogo cha nyama au mfupa kilichokatwa ndani baada ya kidonda kusafishwa ndicho kinachosema ukweli. Kama mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji hata hivyo, kuomba kipande hicho kitumwe maabara hakuongezi maumivu yoyote.

Karatasi ya majibu ya mpwa wangu ilisema Pseudomonas aeruginosa. Ile rangi ya kijani-buluu ndiyo rangi yake. Niliitafuta ceftriaxone kwenye orodha nisiione, nikadhani wamesahau. Kijana wa maabara alinieleza kwa upole: "Mzee, hiyo hatuipimi kwa huyu mdudu. Ceftriaxone haimwezi tangu kuumbwa kwake." Nilikaa kwenye benchi la nje nikahesabu. Vichupa 19 vya ceftriaxone, mabomba 19 ya sindano, maji ya kuchanganyia, na siku 19 za mama yake kutouza ndizi sokoni Nakawa. Dawa ile ni nzuri kwa bakteria nyingine, na usiku wa ajali ilikuwa na sababu. Baada ya wiki ya kwanza, kidonda kikiwa kinazidi kunuka, ilikuwa fedha inayomwagwa.

Kwa bei nilizopewa na maabara binafsi, kipimo hiki cha kuotesha usaha hakikuzidi sana gharama ya siku moja au mbili za sindano kali. Kwa hiyo ukiniuliza shilingi ya kwanza iende wapi, jibu langu ni hapo, kabla ya sindano ya pili na kabla ya ndoto ya faji. Mwenye kidonda cha mguu kisichopona bila ajali ya kueleweka, apimwe na sukari ya damu siku hiyo hiyo. Kipimo cha sukari ni cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja, na huokoa miguu.

Sasa hesabu ya sindano. Huduma katika hospitali za serikali hapa Uganda hazilipiwi tangu Machi 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Lakini kila mwenye mgonjwa anaijua ile karatasi ndogo unayopewa dawa zikiisha, ukimbie nayo mjini ukanunue. Bima ya afya ya taifa hatuna. Kwenye maduka ya William Street bei niliyopewa asubuhi haikuwa ya jioni, na duka la pili halikukubaliana na la kwanza, kwa hiyo nakupa njia ya kuhesabu badala ya bei.

Meropenem, mojawapo ya dawa kali ambazo Pseudomonas nyingi bado huzisikia, kwa kawaida huchomwa kila baada ya saa 8. Hivyo ni vichupa 3 kwa siku, 42 kwa wiki 2. Maambukizi yakiwa yameingia kwenye mfupa, matibabu huenda wiki 6, yaani vichupa 126. Kwa hiyo kila shilingi 10,000 katika bei ya kichupa kimoja inageuka 420,000 kwa wiki 2 na 1,260,000 kwa wiki 6. Zidisha kwa bei uliyopewa wewe, halafu ongeza kanula, dripu na mabomba. Ukishapata jumla hiyo, ndipo utaona kwa nini tofauti ya shilingi 5,000 kati ya duka na duka inastahili kupandiwa ngazi za majengo mawili zaidi. Hakikisha tu duka lina leseni ya NDA ukutani na kichupa kina tarehe.

Amikacin huchomwa mara moja kwa siku na ni ya bei ya chini sana ukilinganisha. Ubaya wake ni figo na masikio. Anayeitumia apimwe damu kuangalia figo kila baada ya siku chache, na gharama hiyo uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Ikitokea karatasi yako ina S mbele ya ciprofloxacin, mshukuru Mungu, kwa kuwa hiyo humezwa, na mgonjwa anaweza kurudi nyumbani. Colistin na linezolid ni dawa za akiba. Shirika la Afya Duniani limeziweka kundi la mwisho, zitumike nyingine zikishindwa. Usizikubali bila karatasi ya maabara inayozidai. Ni daktari anayeamua dozi na dawa. Wewe kazi yako ni kuuliza: daktari, hii imechaguliwa kwa majibu ya maabara au kwa kukisia?

Swali hilo si utovu wa adabu. Watafiti wa Makerere walipopima bakteria zilizokusanywa hospitali ya Mulago kati ya 2007 na 2009 tayari walikuta Pseudomonas na Acinetobacter zinazozishinda dawa za kundi la meropenem, na walichapisha hayo mwaka 2016. Kukisia kulikofaa miaka 20 iliyopita hakufai leo. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa milioni 1.27 duniani.

Kuna gharama ambayo ukoo wangu haukutaka kuisikia kabisa: kisu. Tulipendelea dawa, yoyote, ili mradi asirudi chumba cha upasuaji. Daktari wa upasuaji alituita kando akatuonyesha picha ya eksrei. Kando ya mvunjiko kulikuwa na kipande cheupe kuliko mfupa uliokizunguka. "Hiki kimekufa," alisema. "Damu haifiki. Dawa husafiri na damu. Mkinunua ya milioni 10 haitafika hapa." Juu ya mfupa mfu na juu ya vyuma, bakteria hujijengea utando wa ute, na ndani ya utando huo hustahimili dozi ambazo zingewaua wakiwa peke yao. Kukwangua utando na kuondoa kilichokufa ni nusu ya tiba au zaidi, na hakuna sindano inayoweza kuchukua nafasi yake. Kwa majeraha ya moto na kupandikiza ngozi, Hospitali ya Kiruddu ndiyo yenye kitengo chake. Kwa mifupa na upasuaji wa kurekebisha, wengi huenda hospitali ya CoRSU, Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe. Uliza gharama ya upasuaji mmoja kamili na ulinganishe na wiki 6 za sindano zisizofika. Sisi tulipofanya hesabu hiyo, mabishano yaliisha.

Kuhusu tiba za juu ya kidonda nitasema kwa ufupi. Siki iliyopunguzwa makali, ile asidi ya asetiki ya asilimia ndogo, imetumika kwenye wodi za walioungua kwa miaka mingi kwa sababu Pseudomonas haipendi uchachu. Haigharimu chochote cha kutisha, lakini ichanganywe na hospitali. Asali iliyosafishwa kwa matumizi ya kidonda nayo ina kazi. Ya kwenye chupa ya barabarani, yenye nta na miguu ya nyuki, iache kwa chai. Jirani zetu Kenya wamekwenda mbali zaidi: shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, limefuga funza safi wa nzi kwa ajili ya kula nyama iliyokufa kwenye vidonda vya wagonjwa. Asiyeshangaa funza, basi asishangae virusi.

Sasa turudi kwa faji, maana zinastahili kupimwa kwa haki. Tukio la Patterson ni la mtu mmoja. Mnunuzi huuliza: kwa wengi je?

Jaribio lililonifundisha zaidi ni lile lililoshindwa. Kati ya 2015 na 2017, hospitali za Ufaransa na Ubelgiji ziliwaandikisha wagonjwa 27 walioungua moto na kuambukizwa Pseudomonas. Nusu walipakwa mchanganyiko wa faji 12, nusu walipakwa krimu ya silver sulfadiazine, ambayo ni dawa ya kawaida ya walioungua. Krimu ilishinda: ilipunguza bakteria baada ya saa 47, faji zilihitaji saa 144. Watafiti walipochunguza waligundua kwamba faji zilikuwa zimekufa ndani ya chupa. Badala ya milioni 1 kwa kila mililita kama ilivyopangwa, wagonjwa walipata kama 100 tu. Hii ni Ulaya, kwenye friji zisizokatiwa umeme. Kwa hiyo chupa ya faji thamani yake haiko kwenye lebo. Iko kwenye idadi ya faji hai siku inapofunguliwa, na idadi hiyo hupimwa maabara, haitazamwi kwa macho.

Upande wa pili, mwaka 2024 kikundi cha Hospitali ya Kijeshi ya Malkia Astrid, Brussels, kilichapisha taarifa za wagonjwa 100 mfululizo waliotibiwa kwa faji zilizochaguliwa kwa mgonjwa mmoja mmoja, katika hospitali 35 za nchi 12. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 77, na bakteria ilitokomezwa kwa asilimia 61. Ni namba nzuri kwa watu ambao dawa nyingi zilikuwa zimewashinda, ingawa hapakuwa na kundi la kulinganisha. Lakini ndani yake kuna habari ambayo video za WhatsApp haziitaji: wengi wao walikuwa wanatumia antibiotiki pamoja na faji, na wale wasiotumia walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuitokomeza bakteria. Faji haikufutii gharama ya sindano. Inaiongezea sindano nguvu. Huko Varanasi, India, wagonjwa 20 wenye vidonda vilivyokataa kupona walipakwa faji juu ya kidonda, na vidonda vya 7 kati yao vilikuwa vimefunga kabisa siku ya 21. Marekani, mwaka 2016, iliripotiwa habari ya wagonjwa 6 wa kisukari wenye vidonda vya vidole vya miguu, waliotiwa faji ya Staphylococcus kutoka Tbilisi, na vidonda vikapona. Ni wachache, lakini kila kidole kilichobaki ni mtu anayevaa viatu.

Mtu wa Kampala anazipataje? Anaweza kusafiri hadi Tbilisi. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe, utapitia Dubai au Istanbul. Hesabu tiketi za watu 2, maana mwenye vyuma mguuni hasafiri peke yake, malazi ya wiki kadhaa, vipimo na tiba yenyewe. Jumla inahesabiwa kwa maelfu ya dola, na kila dola 1,000 ni takriban shilingi milioni 3 na nusu. Ukoo unaoweza kuuza kiwanja unaweza kufika. Kabla ya kuuza, tuma kwanza majibu ya maabara na uulize kama wanazo faji za bakteria hiyo, na kama wanaweza kuzijaribu kwenye bakteria ya mgonjwa wako. Wakikujibu kwa kukutajia bei kabla ya kuuliza bakteria, baki nyumbani.

Georgia na Urusi huuza pia michanganyiko iliyo tayari, yenye faji za Staphylococcus, Streptococcus, E. coli, Proteus na Pseudomonas ndani ya chupa moja. Huko hununuliwa famasi kama dawa nyingine. Kuiagiza hadi hapa ni safari ndefu ya kitu kinachotaka ubaridi, kibali cha NDA, na bahati kwamba bakteria ya Kampala inafanana na waliyoikusudia. Mimi nisingeiweka fedha yangu hapo.

Ubelgiji ina njia ya tatu, na hii ndiyo ninayoitamani kwetu. Tangu mwaka 2018 faji huko zinaweza kutengenezwa kwa agizo la daktari kwa ajili ya mgonjwa mmoja, kama mfamasia wa zamani alivyochanganya dawa nyuma ya kaunta, ili mradi faji mama zimepimwa na maabara inayotambuliwa na serikali. Hawakusubiri kampuni kubwa isajili chupa moja kwa gharama ya mamilioni.

Ninaitamani kwa sababu malighafi tunayo. Simama kwenye mfereji wa Nakivubo asubuhi, pale maji yanapopita yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yakibeba uchafu wa jiji hadi ghuba ya Murchison ziwani. Bakteria wa Kampala wote wamo mle, na palipo na bakteria pana faji zao. Anayetafuta faji huchota maji kama hayo, huyapitisha kwenye kichujio chenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hazipiti na faji zinapita, huyachanganya na bakteria ya mgonjwa na kusubiri usiku mmoja. Asubuhi sahani iliyojaa utando wa bakteria huwa na vidoa vilivyo wazi, kila kidoa mahali faji moja ilipoanzia kazi. Hakuna hata kifaa kimoja katika hatua hizo ambacho Makerere hawana. Ghali ni kinachofuata: kuzisafisha faji zisibaki na sumu za bakteria zilizopasuka, kuhakikisha chupa haina kiumbe kingine, kuhesabu zilizo hai, kuweka friji yenye umeme wa uhakika, na kuandika kumbukumbu ambazo mkaguzi anaweza kuzisoma. Mtu asithubutu kuyapeleka maji ya mfereji kwenye kidonda. Kati ya mfereji na kidonda kuna kazi ya wiki nyingi.

Na watu wa kuifanya wapo. Dkt. Jesca Nakavuma wa chuo cha tiba ya mifugo Makerere amekuwa akifundisha na kutafiti faji kwa miaka, na mwaka 2017 shirika la Phages for Global Health liliendesha Makerere warsha ya kuwafundisha wanasayansi wa Afrika Mashariki jinsi ya kuzitafuta na kuzitenga. Nairobi, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani walichapisha mwaka 2016 jaribio la panya walioambukizwa Staphylococcus sugu, ambamo faji ilifanya vizuri kuliko antibiotiki ya clindamycin. Kutoka panya hadi mguu wa mpwa wangu kuna vibali vya NDA na vya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kuna bajeti. Utafiti wa faji kwa binadamu ukifunguliwa hapa, uliza kwa hamu, ila ujue alama ya utafiti halali: utapewa karatasi ya ridhaa yenye namba za kibali, na hutauziwa dawa inayojaribiwa. Ukidaiwa fedha ya chupa, ondoka.

Uamuzi wangu, baada ya yote, ni huu. Mwenye laki chache tu, aoteshe usaha na apime sukari, atumie dawa yenye S iliyo ya bei ya chini kuliko zote, na kidonda kisafishwe kwa mikono inayojua. Mwenye milioni kadhaa, aweke sehemu kubwa kwenye upasuaji na kupandikiza ngozi kabla ya kulimbikiza vichupa. Mwenye uwezo wa kusafiri, na karatasi yake yote ni R, na daktari wa upasuaji amekwisha kusafisha bila mafanikio, huyo ndiye ambaye faji za nje zinamhusu leo. Na NDA pamoja na Wizara ya Afya nawaomba waitazame njia ya Wabelgiji, waandike mwongozo wa faji zinazotengenezwa kwa mgonjwa mmoja, waanzie na vidonda, kwa sababu kidonda kiko nje, kinaonekana, na faji hupakwa bila kuingizwa kwenye mshipa.

Mpwa wangu hakutibiwa kwa faji. Daktari alitoa kipande cha mfupa kisichozidi kokwa ya tende, akachomwa dawa iliyokuwa na S, wiki 3 baadaye akapandikizwa ngozi kutoka pajani. Sasa anatembea na gongo moja.

Kama una mgonjwa wodini usiku huu na shashi inatoka na rangi, mwambie daktari kwa heshima: tunaomba kipande cha ndani kikaoteshwe kabla ya dozi inayofuata. Majibu ya kwanza hutoka baada ya siku 2.